Safari Yetu ya Njinjo na Khabari za Maji Yatokayo Mbali

Njinjo iko bara, mbali na ufuo wa Kilwa, lakini tuliiendea kwa sababu ya swali la bahari. Wanafunzi wetu wa chuoni walituuliza kama ni kweli kuwa wanyama huijua tsunami kabla haijafika, na binadamu hana khabari. Hatukuwa na jibu la kuwatosheleza. Tukaona ni bora tuwaulize watu waliokwisha kufukuzwa na maji.

Kutoka Nangurukuru tulishika njia ya Liwale, katika bonde la Mto Matandu, ambao humwaga maji yake baharini karibu na Kilwa Kivinje. Mwezi wa Januari 2020 mto huu ulifurika, ukavunja nyumba na kuchukua mazao.

“Maalim,” alisema mwenyeji wetu, mzee wa makamo yetu, “maji yale hayakuwa ya mvua ya hapa tu, mengi yalitoka huko juu. Usiku ule mbuzi walilia sana, nasi tukawakemea wanyamaze.” Mkewe ndiye aliyeusikia mto ukinguruma, akayakumbuka maneno ya bibi yake: mto ukinguruma bila ya mvua, chukua watoto, acha vyungu. Walikimbilia kichuguu kikubwa wakakesha juu yake. Mbuzi wao wawili walikufa wakiwa kambani.

Hapo tukapata sehemu ya jibu. Mnyama husikia, shida ni kwamba sisi tumemfunga, na sauti yake hatuijali. Lakini tusimpe sifa kupita kiasi. Ilipopiga tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004, walinzi wa mbuga ya Yala, huko Sri Lanka, walistaajabu kuona mizoga michache mno. Hata hivyo, tembo wawili wa mbuga hiyo waliokuwa wamevishwa mikanda ya redio hawakuonekana kukimbia kabla ya wimbi. Yamkini mnyama huhisi mtetemeko wa ardhi, ambao hulitangulia wimbi. Lakini sisi wa pwani hii tulikuwa mbali mno na Sumatra, ulikoanzia, na wimbi lilitufikia baada ya saa nyingi. Dar es Salaam liliwaua watu waliokuwa wakiogelea. Kenya khabari iliwahi, watu wakaondolewa ufuoni, na huko alikufa mtu mmoja tu.

Wako pia walioponywa na maneno ya wazee, kama mke wa mwenyeji wetu. Katika kisiwa cha Simeulue, Indonesia, wimbi la mwaka 1907 liliwaacha wazee na neno moja, smong, wakawafundisha wajukuu: ardhi ikitikisika kwa nguvu na bahari ikapwa ghafla, kimbilieni mlimani. Mwaka 2004 wakazi wake walikuwa kiasi cha 78,000, na waliokufa ni saba. Katika Sura ya Namli, chungu hakutosheka kuiona hatari peke yake, aliwaonya wenziwe.

Wala tusidhani ni mambo ya ng’ambo tu. Karibu na Pangani wataalamu wamechimbua mchanga ulioletwa na wimbi kubwa la miaka 1,000 hivi iliyopita, na ndani yake mifupa ya watu. Watoto wetu wa Kivinje wanajua saa za kupwa na kujaa, wanajua bamvua. Lakini bahari ikipwa si wakati wake, tunakhofu kwamba wengi watakimbilia pweza waliobaki wazi.

Mwenyeji wetu amejenga upya mahali palipoinuka, ila shamba la mpunga lingali bondeni, kwani ndiko kwenye rutuba. Jioni, mbele yetu, bibi alimwuliza mjukuu wake:

“Mto ukinguruma bila ya mvua?”

“Tunaacha vyungu,” mtoto akajibu. Kisha akauliza, “Na mbuzi, bibi?”

Bibi alinyamaza kitambo.

“Mfungulie kamba.”