Rimoti ya Anti si uvivu

Kila nikiwaonyesha maboyz wa mtaa ile video ya anti yangu akiegesha karavani kwa rimoti, jibu ni lile lile: "Hao watu wa majuu wamezidi uvivu." Hata video haijaisha. Anti amesimama mbele ya nyumba yake huko Derby, Uingereza, amevaa gambuti, ana kidude mkononi kama rimoti ya TV, na mbele yake nyumba nzima ya magurudumu inajisogeza polepole kama kobe. Hakuna gari inayoivuta. Hakuna mtu anayeisukuma. Mimi nasema hivi: huo si uvivu, na wanaouita uvivu ni wale ambao hawajawahi kulazimika kuomba wasukumiwe kitu.

Kwa wale hawajaona karavani, chukua bedsitter uiweke juu ya magurudumu. Kuna kitanda, jiko la gesi, sinki na kachoo kadogo. Haina injini. Unaifunga nyuma ya gari, unaenda nayo baharini ama milimani, unalala humo wikendi. Waingereza wanaipenda vibaya sana, na Anti na marehemu Anko walishikwa na huo ugonjwa pia.

Sasa, shida ya karavani huanza ukifika. Kurudisha nyuma kitu unachovuta ni hesabu ya kuchosha kichwa. Ukitaka kiende kushoto, lazima kwanza ukate usukani kulia, na ukichelewa kuurudisha, karavani inajikunja inakuja kukubusu mlango wa gari. Kwa Anti kuna kitu kingine: njia ya kuingia nyumbani ina kamteremko, upande mmoja kuna nguzo ya geti, upande mwingine ukuta wa jirani. Kwa hivyo Anko alikuwa anaitenganisha na gari pale nje, halafu yeye na majirani wawili wanaisukuma kwa mikono. Ile yao ina zaidi ya kilo 1,300. Pima hiyo na mgongo wako.

Anko alifariki miaka mitatu iliyopita. Karavani ikabaki hapo nje na maturubai juu. Kwenye grupu ya familia ya WhatsApp kila mtu alikuwa na ushauri mmoja: auze. Wajomba walisema auze, binamu walisema auze, kuna mmoja hata alikuwa ameshatafuta bei. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuuza. Sheria yenyewe haikumzuia. Tangu Desemba 16, 2021, huko kwao leseni ya kawaida ya gari inatosha kuvuta trela ya hadi kilo 3,500, hata kwa waliofanya mtihani baada ya 1997, ambao zamani wengi wao walihitaji mtihani wa ziada. Kuendesha anajua, ni nesi wa zamu za usiku, ameendesha kwenye theluji miaka na miaka. Kilichomshinda ni zile mita kumi na tano kutoka barabarani hadi ukutani.

Alijaribu kuita majirani. Mara ya kwanza walikuja mbio, wakampa pole, wakasukuma. Mara ya pili alingoja hadi mechi iishe. Mara ya tatu mmoja akamuuliza, kwa upole kabisa, "Na utaendelea na hii kitu hadi lini?" Anti aliniambia hilo swali lilimuuma kuliko mambo mengi aliyoambiwa matangani. Baada ya hapo hakuita mtu tena, na karavani haikutoka mwaka mzima.

Ndipo akanunua mota za kusogeza karavani. Ukijumlisha na fundi wa kuzifunga ni zaidi ya pauni elfu moja, kwa hela yetu weka laki moja na nusu na uendelee kupanda. Zinafungwa mbili chini ya chasisi, moja kwa kila gurudumu. Kila mota ina rola ya chuma inayobanwa kwenye tairi. Rola ikizunguka, tairi inazunguka. Ukiamuru mota moja iende mbele na nyingine irudi nyuma, karavani inageuka hapo hapo ilipo, kitu ambacho hakuna dereva duniani anaweza kufanya akiwa ameifunga nyuma ya gari. Stima inatoka kwa betri ya volti 12 iliyo ndani ya karavani yenyewe. Ukiachilia kitufe, inasimama.

Nilikaa kwake mwezi mmoja kiangazi kilichopita na nikaona hiyo kazi kwa macho. Sauti yake ni kama posho mill ya mbali. Mwendo ni wa chini kuliko mtu anayetembea na mtoto. Na wale wa "uvivu" wangekuja waone utaratibu wake. Kwanza unateremsha kigurudumu kidogo cha mbele. Unabana rola kwenye tairi. Ni baada ya hapo tu ndiyo unaachilia handbreki, kwa sababu sasa rola ndizo zinazoishika, na kwenye mteremko ukikosea huo mpangilio, kilo 1,300 zinaondoka bila wewe. Ukimaliza unaweka handbreki kwanza, ndiyo unaachanisha rola. Na lazima ziachane na tairi kabla gari haijaivuta tena barabarani. Anti ameandika hizo hatua kwa kalamu ya wino, kwa Kiswahili, akabandika ndani ya mlango. Mota zenyewe zina kama kilo thelathini, na hizo zinatolewa kwenye uzito anaoruhusiwa kubeba. Kwa hivyo ile sufuria yake kubwa ya ugali ilibaki nyumbani. Aliifikiria hiyo sufuria muda mrefu kuliko alivyofikiria bei.

Kitu kimoja nilichokipenda: yeye hutembea kando yake. Kwa gari unategemea vioo na mtu anayepiga kelele huko nyuma. Kwa rimoti anaenda mpaka kwenye kona ile ile yenye shida, anainama, anaangalia nguzo imebaki inchi ngapi, anabonyeza tena. Hakuna anayemwambia kitu.

Hapo ndipo nilimkumbuka mamangu. Mathe anaendesha vizuri, lakini tukiingia tao anapaki mbali halafu tunatembea na mizigo. Sababu si pesa. Hataki ile kwaya. Mnaijua. Mama akianza tu kurudisha gari nyuma, soja anatokea, parking boy anatokea, na jamaa aliyekuwa ananunua mahindi choma anaacha mahindi: "Kata yote madam! Lete, lete, lete! Sasa nyoosha! Ai, madam!" Wanaume watatu, maelekezo matatu tofauti, na mwisho mmoja anataka ya chai. Mwanaume akipaki vibaya pale pale hakuna anayeacha mahindi. Msaada una bei yake, na mara nyingi unalipwa kwa heshima.

Halafu hii stori ya uvivu ina historia ya kuchekesha. Karavani ya starehe inayotajwa kuwa ya kwanza Uingereza iliitwa The Wanderer, ilitengenezwa Bristol 1885 kwa ajili ya daktari mmoja mstaafu wa jeshi la majini, William Gordon Stables. Ilikuwa na uzito wa karibu tani mbili. Ilivutwa na farasi wawili, ikaendeshwa na kochimeni wake, na alikuwa na mtumishi mwingine aliyetangulia mbele na baiskeli ya magurudumu matatu kuangalia njia. Yeye mwenyewe hakusukuma kitu. Aliitwa mheshimiwa, na akaandika kitabu kuhusu safari zake. Mwanamke wa miaka hamsini na nne aliyetoka zamu ya usiku akibonyeza kitufe, sasa ndiyo tunakumbuka uvivu?

Najua mtaniambia mtu ni watu, na kwamba mashine zinatufanya tusijuane. Sawa. Lakini yule jirani wa "hadi lini" bado huja, tena mapema kuliko zamani. Husimama kwa ukuta wake na kikombe cha chai kuangalia onyesho. Kuna siku aliomba ashike rimoti kidogo tu. Anti akamwambia la, akamwongezea chai. Wanaongea hadi usiku sasa, mambo ya Anko na ya mke wake mgonjwa. Wakati wa kusukumana walikuwa wanaongea tu ya breki na mgongo.

Mwaka jana alienda Skegness mara nne, bahari baridi kama friji lakini anaipenda. Mwaka huu anataka kuvuka kwa feri kutoka Dover hadi Ufaransa. Alipoandika hivyo kwenye grupu, mjomba mmoja akauliza ataenda na nani wa kumsaidia. Anti ameisoma, tiki mbili za bluu, wiki mbili sasa.