Malalamiko ya Kijiwe cha Pikipiki

Ukitaka kujua pikipiki zimebadilikaje hapa Iringa, usihesabu tu zinazopita barabarani. Kaa na wenye nazo, usikilize wanalalamikia nini. Mimi nimekaa nao tangu miaka ya 1980, nilipokabidhiwa pikipiki ya ofisi nikiwa bwana shamba. Nilistaafu kazi, lakini pikipiki sikuiacha, wala kijiwe sikukiacha. Kero zilizosemwa pale zimenifundisha mengi kuhusu mashine, na mengi zaidi kuhusu watu.

Kijiwe chetu cha kwanza kilikuwa mbele ya kibanda cha fundi tuliyemwita Mjomba, chini ya mjakaranda. Siku hizo pikipiki hazikuwa nyingi, na karibu kila moja ulijua ni ya nani kwa mlio wake. Alikuwepo bwana mifugo, katekista aliyezungukia vigango vya mbali, mganga wa zahanati, mwalimu wa shule ya msingi na mimi. Tuliendesha Honda, Yamaha na Suzuki kutoka Japani, nyingi zikiwa zimeletwa na serikali, miradi ya wafadhili au misheni. Aliyenunua ya kwake kwa fedha yake alitazamwa kwa heshima.

Tulipokutana, baada ya salamu ya "kamwene" na habari za nyumbani, mazungumzo yalikuwa ni spea. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na duka lingeweza kukaa miezi bila ringi za pistoni wala tairi. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, hali ilianza kulegea, ila spea zilifika Dar es Salaam kwanza na kupanda huku milimani baadaye, zikiwa na bei ya safari. Hivyo Mjomba alikata gasketi kwa mkasi kutoka kwenye karatasi ngumu za maboksi, akazipaka oili na kuzikaza polepole, boliti hii kidogo na ile kidogo, ili zisivujishe. Cheni iliyorefuka aliipunguza pingili moja. Pointi zilizoungua alizisugua kwa msasa. Tulilalamika, naye alisikiliza huku mikono ikifanya kazi. Kila lalamiko lilimalizikia kwenye benchi lake, na aliyelalamika alishika tochi au spana, akaona kwa macho yake tatizo lilikuwa wapi.

Kero ya pili ilikuwa baridi. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai mkono hufa ganzi kwenye chuma cha usukani. Pikipiki zilizotumia petroli iliyochanganywa na oili ndizo zilizosumbua zaidi. Ulipiga kiki hadi jasho likutoke ndani ya koti, plagi ikalowa mafuta, na harufu ya petroli ikajaa uani. Wengine waliichomoa plagi na kuipasha kwenye mkaa wa jiko la chai, kisha wakairudisha ingali ya moto kwa kutumia kitambaa. Hakuna aliyetoka nyumbani bila plagi ya akiba na spana yake mfukoni.

Katika kero hiyo nilijifunza jambo ambalo halikuwemo katika mafunzo yangu ya kilimo. Pikipiki yangu ilikuwa ikikohoa na kutoa moshi mweusi mjini, lakini nikishuka Kitonga hadi Ruaha Mbuyuni, kule kwenye mibuyu na vitunguu, ilivuta vizuri. Nikamwambia Mjomba kwamba mashine ina wazimu. "Bwana Shamba, usiigombeze," alinijibu. "Huku juu hewa ni nyepesi. Inakunywa mafuta mengi kuliko hewa inayoipata." Akafungua kabureta, akatoa sindano, akaisogezea klipu yake ngazi moja ili mafuta yapungue, na kukohoa kukaisha. Tangu siku hiyo niliacha kuona mashine kama kitu chenye hila. Kila kero yake ina sababu, na sababu hutafutwa.

Kero ya tatu ilikuwa njia. Barabara ya kwenda Dodoma kupitia Isimani, mlima Nyang'oro na Mtera ilikuwa ya vumbi, na vumbi lile liliingia kwenye chujio la hewa, kwenye cheni, puani na kwenye mkate uliobeba. Kila jioni tulitoa sponji ya chujio, tukaifua kwa petroli, tukaikausha na kuipaka oili kidogo kabla ya kuirudisha. Asiyefanya hivyo alikuja kulia baadaye, pistoni ikiwa imelika. Pancha nayo ilikuwa sehemu ya safari. Tulibeba pampu, viraka, gundi na vyuma vya kung'olea tairi. Gundi ikiisha porini, ulijaza majani makavu ndani ya tairi, ukayashindilia mpaka likawa gumu, ukaenda polepole hadi kijiji kinachofuata.

Kwenye njia kama hiyo ilizaliwa sheria moja ambayo haikuandikwa popote: usimpite mwenzako aliyesimama bila kumuuliza. Hata kama una haraka, unapunguza mwendo, unauliza, "Salama?" Akikuonesha dole gumba, unaendelea. Akitikisa kichwa, unazima injini. Jioni moja, karibu na msitu wa Sao Hill, nyuki waliingia kwenye koti la katekista akiwa barabarani, naye akaanguka mtaroni. Aliyemkuta alikuwa bwana mifugo, ambaye hakuwa akisemeshana naye kwa sababu ya ugomvi wa mpaka wa shamba. Alisimama, akamtoa miiba ya nyuki, akambeba hadi zahanati, kisha akarudi kuilinda pikipiki mpaka tulipofika. Ugomvi wa shamba uliisha pale.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya mwaka 2000, kutoka China. Ili kuyaelewa inafaa kurudi nyuma kidogo. Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976, ilibuniwa kwa kuzifikiria nchi kama zetu, ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na huduma haipatikani kwa wakati. Wahandisi waliacha mnyororo wa ndani unaoendesha vali, wakatumia fimbo za kusukuma, ambazo huvumilia zaidi kutotunzwa. Viwanda vya China vilichukua muundo huo na kuzalisha pikipiki za bei ndogo kwa majina mengi. Kwa Mjomba ilikuwa neema, kwa kuwa aliyejua kufungua injini moja alijua kufungua karibu zote. Kwa mara ya kwanza mkulima wa Kilolo aliyeuza mahindi yake vizuri aliweza kununua pikipiki bila kuwa na ofisi wala mradi.

Mwaka 2010 zilipotoka kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, kubeba abiria kukawa kazi inayotambulika kisheria. Bodaboda wakajaa kila njia panda, kuanzia Ipogolo chini hadi vitongoji vya juu. Kisha zikaja Boxer na TVS kutoka India, nazo zikatawala barabara. Kijiwe chetu kilihama kutoka kwenye mjakaranda hadi kituo cha bodaboda, na mimi nikawa mzee miongoni mwa vijana wanaoniita Babu au Mzee Shamba.

Hapo nikaanza kusikia malalamiko mapya. Spea sasa zimejaa madukani, lakini nyingi ni feki: pedi za breki zinazoisha kabla ya mwezi, cheni inayorefuka baada ya mvua mbili, beringi yenye jina zuri kwenye boksi na chuma kibaya ndani. Sisi tulilia kwa kukosa. Wao wanalia kwa kununua kitu kimoja mara tatu.

Lalamiko linalotajwa zaidi, hata hivyo, ni hesabu. Vijana wengi huchukua pikipiki kwa mkataba. Kijana anampelekea mwenye mali hesabu ya kila siku au kila wiki, na akimaliza muda waliokubaliana, mara nyingi mwaka au zaidi, pikipiki inakuwa yake. Ni njia iliyowatoa vijana wengi mitaani, na mimi naiheshimu. Lakini nimeona inavyobadili uhusiano wa mtu na mashine yake. Siku ya mvua haina abiria, hesabu inadaiwa. Siku ya kubadili oili inasogezwa mbele. Injini ikianza kugonga, kijana anaongeza sauti ya redio, maana kuifungua ni kupoteza siku nzima. Pikipiki tuliyoitunza kama chombo cha kazi, kwao ni deni linalotembea. Anayewalaumu kwa uzembe na aangalie kwanza mikataba wanayotia saini.

Mwaka 2022 bei ya petroli ilivuka shilingi 3,000 kwa lita, na kijiweni hapakusemwa jambo jingine. Abiria hataki kuongeza nauli, mwenye pikipiki hataki kupunguza hesabu, na dereva amebanwa katikati. Hapo baadhi hubeba mishikaki, abiria wawili au watatu, na trafiki akiwakamata faini inakula mapato ya wiki.

Lililoniumiza kuliko yote ni kufa kwa ile sheria ya kusimama. Vijana wananiambia wazi: "Babu, usiku hatusimami." Wana sababu. Wapo madereva waliosimama kumsaidia mtu aliyelala kando ya njia, wakapigwa na kunyang'anywa pikipiki. Wapo waliouawa na abiria waliowabeba. Siwezi kumwambia kijana aweke maisha yake rehani kwa ajili ya desturi yetu. Na umoja walio nao vijana hawa ni mkubwa. Mmoja akigongwa, wenzake hufika kabla ya gari la polisi, na wakati wa msiba huchangishana kuliko tulivyofanya sisi. Lakini umoja huo ukigeuka kuwa wa kumpiga dereva wa gari kabla ukweli haujajulikana, unawaharibia wote jina. Nimewaambia hivyo usoni, na nitaendelea kuwaambia.

Lipo lalamiko moja ambalo halijabadilika tangu enzi za Mjomba, nalo ni la kofia ngumu. Inaleta joto, inaziba masikio, imevaliwa na abiria mwingine. Mwalimu wa kijiwe chetu aliitundika yake kwenye usukani kwa sababu alikuwa anakwenda karibu tu, kununua chaki. Alipoteleza kwenye mchanga hakuwa na mwendo mkubwa, na mwili wake haukuwa na jeraha la kutisha. Kilichomuua ni kichwa kilichogonga ukingo wa barabara. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalionesha kuwa kofia hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Mimi sikuhitaji takwimu hizo ili kuamini, lakini nazitaja kwa kila kijana anayeniambia kwamba anakwenda karibu.

Sasa pikipiki za umeme zimefika. Kigali na Nairobi madereva wanabadilisha betri vituoni na kuendelea na safari, na hapa kwetu nazo zimeanza kuonekana. Hazina plagi, kabureta wala kiki. Naamini kero zake zitakuja: betri itakayochoka kwenye mlima, waya utakaoingia maji, fundi ambaye hajapatikana. Watakaoziendesha watalalamika kama tulivyolalamika sisi, na ni haki yao.

Ninachowaomba ni kwamba lalamiko lisiishie mdomoni. Ukisema breki hazishiki, shuka uzitazame pamoja na mwenzako anayejua. Ukisema mkataba unakunyonya, keti na wenzako muuzungumze na mwenye mali mkiwa wengi. Ukiogopa kusimama usiku, piga simu mbele ili wawili waje pamoja, lakini usimwache mtu barabarani kana kwamba hukumwona. Funga mkanda wa kofia yako, mpe abiria ya kwake, kisha uwashe. Kijiwe kinachofanya hivyo ni shule na ni bima, na kila mwendesha pikipiki anastahili kuwa nacho.