Vidole Viwili

Wengi wenu mwanijua kuwa mpenzi wa kompyuta, na baadhi yenu mmepata kunisikia nikijisifu. Leo nataka kuwasimulia jinsi majivuno hayo yalivyovunjika, huenda yakamfaa mwenzangu atakaye kazi ya kutunga programu.

Likizo iliyopita kampuni moja ya Kampala ilitaka vijana wawili wa kujifunza kazi hiyo. Nilijitayarisha kwa wiki sita. Kila usiku nilisoma maswali yanayoulizwa katika usaili wa namna hiyo pamoja na majibu yake, nikayakariri kama mtoto akaririvyo katekisimu. Mama aliuza kuku wawili nipate nauli, nami nikaondoka na majibu 80 kichwani.

Bwana aliyenihoji alisema, "Hapa pana orodha ya namba. Tafuta mbili ambazo jumla yake ni 19." Nilifurahi, kwani swali hilo nililijua. Nikaanza kuandika mara moja: pitia namba moja moja, kila uionayo iweke katika orodha ya pembeni, kisha angalia kama mwenzake amekwisha andikwa humo. Akanizuia kwa upole. "Kijana, namba hizi zimekwisha pangwa toka ndogo hata kubwa. Je, waweza kuzipata bila orodha ya pembeni?"

Jibu hilo halikuwamo katika yale 80. Nikakaa kimya, jasho likinitoka, nisiseme hata neno moja. Basi nikarudi nyumbani bila kazi.

Mwalimu wetu wa hesabu alipopata habari hakunicheka. Aliandika namba tano juu ya vipande vya karatasi, akavipanga mezani: 2, 5, 8, 11, 15. "Weka kidole kimoja mwanzo na kingine mwisho. Jumla ni ngapi?" Nikajibu 17. "Haitoshi. Kidole gani kisogee?" Nikasogeza cha kushoto: 5 na 15 ni 20, imezidi. Nikasogeza cha kulia: 5 na 11 ni 16, imepungua. Tena cha kushoto: 8 na 11 ni 19.

"Vema. Sasa niambie, kwa nini uliitupa ile 2?"

Nilifikiri sana. Kisha nikaona: ikiwa 2 haitoshi hata ikijumlishwa na namba iliyo kubwa kuliko zote, haitatosha na nyingine yoyote. Jambo hilo dogo ndilo jibu lenyewe. Maandishi ya programu ni nguo yake tu. Katika orodha ya namba 10,000 mna jozi 49,995,000, lakini vidole viwili huimaliza kazi kwa kujumlisha mara zisizozidi 9,999.

Mwalimu akanieleza shauri la George Pólya, mtaalamu wa hesabu aliyezaliwa Budapest, ambaye kitabu chake How to Solve It kilitolewa mwaka 1945: kwanza lifahamu swali, pili fanya mpango, tatu utimize mpango huo, nne tazama nyuma ulikotoka. Mimi nilikuwa nikianzia hatua ya tatu.

Tangu siku hiyo nafanya swali moja tu kwa siku, kwani haba na haba hujaza kibaba. Kwanza nalifanya kwa mkono, kwa namba chache. Nasema kwa sauti ninalofikiri, hata nikiwa nimekwama. Baada ya siku tatu nalirudia bila kutazama jibu. Jumamosi namfundisha mvulana wa kidato cha pili, naye huniuliza "Kwa nini, kaka?" mara nyingi kuliko yule bwana wa Kampala. Nisipoweza kumjibu, najua kwamba nimekariri, sijafahamu.

Mwezi wa Desemba nitakwenda kuhojiwa tena. Pengine nitakosa, lakini sitanyamaza. Nauli naiweka akiba mwenyewe mara hii, maana Mama amekwisha niambia kwamba kuku waliobaki ni wa mayai.