Filamu Moja, Watu Kumi na Wawili

Kijana anayenunua filamu ya 120 siku hizi huinunua kwa ajili yake mwenyewe. Ataipeleka ufukweni, Shelly au Nyali, apige mawimbi, apige rafiki zake, apige jua likitua. Zamani huku kwetu ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Likoni, Kisauni na Changamwe, roli moja ilikuwa ya watu kumi na wawili wasiojuana. Ya kwanza mtoto wa chuoni, ya pili bwana harusi, ya tatu mzee anayetafuta kitambulisho, na hivyo hivyo mpaka filamu iishe. Aliyepigwa wa kwanza alimsubiri wa mwisho. "Njoo kesho kutwa, mamangu, filamu haijaisha," ndilo neno lililosemwa sana katika studio zetu, na watu waliondoka bila ugomvi, maana kila mtu alijua kwamba fundi hawezi kukata filamu kwa sababu ya mtu mmoja.

Ndiyo maana kuchagua filamu kulikuwa kazi nzito. Fundi alifungua pakiti asubuhi bila kujua nani atakuja. Alitakiwa achague filamu moja itakayomfaa mwenye kanzu nyeupe na mwenye buibui jeusi, mtu mweupe na mtu mweusi tititi, jua la saa sita na mawingu ya kusi. Mie niliyaona hayo nikiwa mwanagenzi miaka ya 1980, katika studio ya chumba kimoja Kisauni, na mpaka leo naamini kwamba ujuzi ule ulikuwa mkubwa kuliko ujuzi wa kubonyeza shata. Kinachoniuma ni kuwa hapakuwa na aliyeuandika.

Kamera yetu ilikuwa Yashica Mat-124G, ile yenye lenzi mbili: ya juu ya kutazamia, ya chini ya kupigia. Lenzi yake ni ya milimita 80 na haivuliwi. Fundi aliishika kifuani, akainama kutazama kioo ambamo kulia huonekana kushoto. Mteja hakuona jicho lililomkodolea. Alimwona mtu mzima ameinamisha kichwa mbele yake. Naamini hilo peke yake lililegeza nyuso nyingi, hasa za kina mama waliokuja kupigwa kwa mara ya kwanza maishani.

Watu huniuliza kwa nini hatukutumia kamera ndogo za milimita 35, ambazo filamu yake ina picha thelathini na sita. Jibu ni penseli. Negativu ya 120 ina upana wa karibu sentimita sita kila upande, na ukubwa huo unampa fundi nafasi ya kuingiza mkono. Fundi wangu alikuwa na sanduku dogo la mbao lenye kioo juu na balbu ndani. Aliweka negativu juu ya kioo, upande wa dawa ukimtazama, akapaka tone la vanishi ili penseli ishike. Kisha alichukua penseli ngumu aliyoichonga kwa wembe na kuimalizia kwa msasa mpaka ncha ikawa ndefu kama sindano. Kwenye negativu chunusi nyeusi huonekana kama kitobo cheupe. Alikijaza kwa vijistari vidogo vidogo, akizuia pumzi. Mikunjo chini ya macho hakuifuta, aliipunguza tu. "Usimwondoe mtu usoni mwake," alikuwa akiniambia. Biharusi alitoka bila chunusi, na mamake alitoka na umri wake, lakini amepumzika. Kwenye negativu ya 35 huwezi hayo. Uso mzima hapo ni mdogo kuliko ukucha.

Faida nyingine ni kwamba studio isiyo na mashine ya kukuzia iliweza kulaza negativu moja kwa moja juu ya karatasi, ikawasha taa, ikapata picha ndogo ya mraba ya kutuma kwa barua. Picha kama hizo zilivuka Makupa kwenda bara kwa maelfu.

Filamu zenyewe ziligawanyika makundi mawili. Za polepole zilikuwa Ilford FP4 na Kodak Verichrome Pan, zote za ASA 125. Za kasi zilikuwa Ilford HP5 na Kodak Tri-X, za ASA 400. Kitabuni, filamu ya polepole ina chembe laini na ndiyo ya sura. Ya kasi ni ya mwanga hafifu na vitu vinavyokwenda mbio. Fundi wangu alifuata kalenda ya mtaa. Siku za kawaida alitia FP4. Siku ya Idi, watoto wamevaa nguo mpya na foleni imefika barabarani, alitia HP5, kwa sababu mtoto aliyekwisha kula halua hatulii, na kwa ASA 400 angeweza kupiga haraka huku tundu la lenzi limebanwa, ili watoto watatu waliosimama mbele na nyuma wote wawe wazi. Mwisho wa mwezi pia alitia ya kasi, kwa sababu wafanyakazi wenye mshahara walikuja jioni, wakitoka kazini.

Halafu kuna ngozi, na hapa ndipo penye uzito wenyewe. Mita ya mwanga haijui inachotazama; hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani. Ukiielekeza kwenye kanzu nyeupe itakwambia mwanga ni mwingi, utabana tundu, na uso wa mwenye kanzu utatoka masizi. Ukiielekeza kwenye buibui itakwambia ni giza, utafungua, na ukuta wa chokaa nyuma yake utaungua. Fundi aliisogeza mita mpaka karibu na shavu la mteja, akasoma pale tu. FP4 aliihesabu kama ASA 64, yaani aliipa mwanga mara mbili ya ulioandikwa kwenye boksi, kisha akapunguza muda wa dawa wakati wa kuosha. Hivyo giza la ngozi lilijaa habari, na kanzu haikugeuka karatasi tupu. Tena hakumpiga mtu juani saa sita. Alimtoa nje kwenye kivuli cha mwarobaini, akamwambia mwanagenzi ashike shuka jeupe chini kidogo ya kiuno, mwanga upande juu, uingie machoni. Mwanagenzi huyo alikuwa mie.

Hayo aliyajua bila kuyasoma popote, na wala yasingeandikwa kwenye vikaratasi vilivyokuja ndani ya maboksi. Waliotengeneza filamu hawakuwa na sisi akilini. Kwa miaka mingi maabara za rangi za Marekani na kwingineko zilisawazisha mashine zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza jinsi Kodak walivyoanza kuishughulikia vizuri rangi ya kahawia baada ya kulalamikiwa na watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Nilipolisoma hilo nilinyamaza kwa muda mrefu. Wakati chokoleti inatafutiwa haki yake, mafundi wa Kisauni na Likoni walikuwa wamekwisha kuwapatia watu wao haki hiyo, kwa filamu nyeusi na nyeupe, kwa kuigeuza namba ya boksi na kushika shuka.

Kuosha nako kulikuwa na vita vyake. Dawa zote huandikiwa maji ya digrii 20. Maji ya Mombasa hayajapata kuwa digrii 20 tangu dunia iumbwe. Mwezi wa Februari bomba hutoa maji ya vuguvugu, na dawa yenye joto hukimbia: dakika hupungua, dawa ya filamu huvimba, na ukigusa kwa kidole umeharibu sura ya mtu. Tulinunua barafu kwa wauza samaki, tukaitia kwenye karai, na chupa ya dawa tukaikalisha katikati mpaka ipoe. Barafu ikikosekana, fundi alihesabu upya dakika kichwani. Suuza ya mwisho ilitaka maji laini. Visima vingi vya Kisauni na Likoni vina chumvi, na ukisuuza kwa maji ya kisima negativu hukauka na madoa meupe. Tuliweka pipa chini ya mchirizi wa bati, na maji ya mvua hayakuguswa hata kwa chai.

Kuhusu lenzi, wengi hatukuwa na la kuchagua. Milimita 80 kwenye filamu ya 120 hutazama karibu kama macho yanavyotazama, na ilimfaa mtu wa Changamwe. Yeye alikuwa wa bandarini, wa reli, au wa kiwanda cha kusafishia mafuta kilichofunguliwa 1963, na picha yake ilikuwa ya kupelekwa kwa mamake bara. Alitaka aonekane wote, kuanzia kofia mpaka viatu, hasa viatu. Kwa uso peke yake, lenzi hiyo ina taabu: inakulazimisha usogee, na ukisogea pua hukua na masikio hukimbia. Fundi alipiga kutoka mbali, akakata kingo wakati wa kuchapa. Negativu kubwa iliruhusu. Baadaye aliletewa Mamiya C330 iliyotumika, ambayo lenzi zake hubadilishwa jozi kwa jozi, na ilikuja na jozi ya 135. Siku ile nilielewa kwa nini picha za studio za kisiwani, kama ile ya N. V. Parekh aliyewapiga watu wa Mombasa kwa miaka na miaka, zilikuwa na utulivu ule. Fundi alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na uso wa mteja ukakaa mahali pake.

Kisha rangi ikaja na mashine za kuosha na kuchapa kwa saa moja, na nyingi zilitaka 35. Pale kivukoni Likoni wapiga picha walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba, ukapigwa ukiwa umesafiri bila kusafiri. Mtafiti Mjerumani, Heike Behrend, amewaandika vizuri. Mie sikuwadharau hata siku moja; walikuwa wasanii. Wengi wao walikuwa watu wa bara, na Agosti 1997, Likoni iliposhambuliwa na maelfu ya watu wa bara kukimbia, kazi nyingi za pale zilivunjika pamoja na nyingine zote. Huko Kisauni sisi tulikufa polepole zaidi. Wateja wa 120 wakabaki wa pasipoti, nao wakachukuliwa na kamera za papo kwa papo, kisha dijitali, kisha simu.

Kodak waliomba ulinzi wa mahakama kwa madeni mwaka 2012. Wakati huo studio yetu ilikuwa imekwisha kugeuka duka la simu. Negativu zilikuwa kwenye makopo ya biskuti juu ya kabati. Baadhi ya kina mama walikuwa wamechukua zao siku ile ile waliyokuja kuchukua picha, hawakutaka sura zao zibaki dukani, nao walipata bahati, kwa kuwa zilizobaki zilishikana kwa unyevu, zikakunjamana na kutoa harufu ya siki. Ile jozi ya 135 niliiona baadaye: kuvu lilikuwa limetandaa ndani ya kioo, na kuvu likishakula kioo, hata ukilifuta, alama hubaki.

Leo mtaani simu moja ina picha elfu kadhaa, na mama akifariki watu huhangaika usiku kucha kutafuta moja ya kuchapa. Hilo ndilo linalonirudisha nyuma kila mara. Ile picha ya mraba, nyeupe na nyeusi, iliyochongwa kwa penseli, bado iko ukutani kwenye nyumba nyingi za Likoni na Mtongwe, na ukiangalia mashavu utaona kila kivuli kipo.

Hivi karibuni vijana wameanza kunijia. Wana Yashica za babu zao, wengine wamenunua mtandaoni. Filamu huagizwa nje kwa bei inayoumiza, na wanauliza kati ya Portra na Ektar za rangi, kati ya FP4 Plus na HP5 Plus, ambazo Ilford bado wanazitengeneza Uingereza. Mmoja, binti wa Mtopanga, aliuliza, "Babu, nianze na ipi?"

Nilimwambia HP5, aihesabu kama 200, apime shavu na asipime kanzu, akae kivulini, amtafute mtu wa kumshikia shuka. Portra ni nzuri, na inaisamehe ngozi yetu kuliko filamu za rangi tulizozikuta sisi, lakini ataiosha wapi? Nyeusi na nyeupe ataiosha jikoni kwao. Aliniomba dakika za dawa, nami nikatambua kwamba nilizonazo ni za kichwani, zile zile za fundi, za maji ya hapa.

Kwa hiyo tumenunua daftari na kipimajoto. Jumamosi tunajaza karai, tunatia barafu, tunaosha vipande vya filamu kwa joto mbalimbali na kuandika. Digrii 24, na dakika zake. Digrii 26. Maji ya bomba ya mwezi wa Julai, maji ya bomba ya Februari. Ukurasa wa visima tumeuanza na cha msikitini kwetu, na karibu na jina lake binti ameandika kwa penseli: usisuuzie.