Maji inatoka?

Wakati wa likizo kubwa sisi wawili, ndugu wa tumbo moja, tulijifanya mafundi. Tunaandika habari hii ili mwingine asifanye kama sisi.

Baba mdogo alipohamia Lubumbashi alituachia moteri ya mtumbwi, ya nguvu ya farasi 15, ya zamani kabisa. Miaka mbili ililala nyuma ya jiko. Mama yetu anachuuza ndagala huku pwani ya Fizi, na kila juma alikuwa analipa watu wa mtumbwi ili mizigo yake ifike Uvira. Akatuambia: «Wanangu, kama ile moteri inatembea, feza za njia zitakuwa minervali yenu.» Tukajibu: «Mama, usiogope, sisi tuliisha jifunza fizike.»

Siku ya kwanza tulivuta kamba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Bure. Kisha tukatoa buji: nyeusi, imelowa. Tukaisugua, tukairudisha kwenye waya wake, tukaiegemeza kwenye chuma ya moteri, mmoja akavuta kamba. Cheche ya bluu! Basi moto iko, shida ni esanse. Tukafungua karburateri. Esanse ya miaka mbili iligeuka kama ulimbo, na kale katundu inamopita kalikuwa kameziba. Tulitaka kukatoboa na msumari, lakini fundi wa baiskeli akatukataza: chuma inapanua tundu, na moteri itakunywa esanse kupita kiasi. Tukaosha na esanse safi, tukapuliza na pompi yake ya baiskeli. Kisha tukachanganya lita 1 ya oili kwa lita 25 za esanse, kama ilivyoandikwa kwenye moteri yenyewe.

Tukatia mguu wake ndani ya pipa la maji. Kamba ya tatu, ikalia! Watoto wa jirani wakapiga kelele za furaha. Babu mmoja mvuvi akasimama, akaangalia nyuma, akauliza: «Maji inatoka?» Maana moteri kama ile inavuta maji ya ziwa na pompi ndogo iliyo mguuni, maji yanazunguka yakiipoza, kisha yanatoka nyuma. Yetu ilikuwa inatoa moshi tu. Tuliona vizuri. Lakini bulo za mguu zilishikwa na kutu, na moja tuliisha ivunja. Tukajibu: «Babu, itatoka mbele, kule ziwani.»

Mama hatukumwambia kitu.

Tukaondoka asubuhi na mifuko sita. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa upepo wa kusini. Hatukufika mbali, tukasikia harufu ya rangi inayoungua. Moteri ikapunguza sauti, ikazimika yenyewe. Tuligusa kichwa chake, tukaondoa mkono mbio. Mawimbi yakaanza kuingia. Tanganyika si kijito: kilindi chake kinapita metre 1.400. Mama hakulia, hakutukana. Alikamata kasia moja, akatuonyesha ingine kwa kidole. Tulipofika pwani mifuko mitatu ilikuwa imelowa, na ndagala zilizolowa hakuna anayezinunua.

Jioni tulimwambia ukweli, na lile swali la babu. Alinyamaza sana, kisha akasema: «Moteri haikunidanganya. Ni ninyi.»

Kesho yake tukaenda kumwomba babu. Alipasha bulo moto, akazigongagonga polepole, zikazunguka. Ndani tulikuta kigurudumu cha mpira cha pompi: katika mabawa sita, mawili tu yalibaki. Vipande vingine tulivitafuta mpaka ndani ya njia za maji, juu vinaweza kuziziba. Kigurudumu kipya kilituomba feza chini ya bei ya mfuko mmoja wa ndagala. Sisi tuliisha poteza mitatu. Bahati tu, pistoni haikukwama.

Sasa inatembea. Minervali tumelipa nusu; nusu ingine ilibaki ndani ya ile mifuko. Na kila tunapovuta kamba, mama hapandi kwanza. Anasimama pale majini, ameshika nguo yake mkononi, anauliza: «Maji inatoka?» Nasi hatujibu mpaka tumeiona.