Ndege iliyonusurika baridi, ikauawa na waliyoipenda

Samahanini wadau kwa ukimya wa wiki mbili. Purukushani za chumba cha habari mnazijua. Leo sileti siasa, nina jambo la nyumbani linaloninyima usingizi.

Kwetu Tanga, chini ya mwembe, kuna Peugeot 404 ya marehemu baba. Halijawaka tangu azikwe. Juzi mama kanipigia: mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja Jumamosi. "Mwanangu, kama unalitaka gari la baba yako, sema. Kama hulitaki, lisiniozee hapa."

Usiku huohuo nikaangalia filamu ya Kee Bird. Kwa msioijua, ni ndege ya kijeshi ya Marekani, B-29 yenye injini 4. Februari 1947 ilipotea njia, mafuta yakakaribia kuisha, ikatua juu ya ziwa lililoganda kule Greenland. Watu wote 11 waliokolewa, ndege ikaachwa hapohapo.

Mwaka 1994 rubani Darryl Greenamyer akaenda na mafundi wake kuifufua ili airushe yenyewe hadi nyumbani. Wakabeba injini, mapangaboi na matairi, wakafunga kila kitu kwenye baridi ile. Fundi mkuu, Rick Kriege, akaugua hukohuko, akafariki. Theluji ikawafukuza. Mei 1995 wakarudi. Injini zote zikawaka, ndege ikaanza kutembea juu ya barafu... tangi dogo la mafuta, walilolifunga kienyeji mkiani kulisha jenereta, likavuja. Moto. Watu walitoka salama, lakini ndege iliteketea.

Jamani! Baridi ya miaka 48 haikuiua. Waliyoipenda ndiyo waliyoimaliza.

Lakini hukohuko Greenland kuna kisa kingine. Julai 1942 ndege 8 za Marekani zilitua juu ya barafu, zikafukiwa. Mwaka 1992 moja yake, P-38, ilitolewa kutoka kina cha zaidi ya mita 80. Waliyeyusha shimo kwa maji ya moto, wakashuka, wakaifungua kipande kimoja kimoja na kukivuta juu. Matengenezo yakachukua miaka 10. Oktoba 2002 ikaruka tena, ikiwa na jina jipya: Glacier Girl.

Sidhani kama hawa waliipenda ndege yao kuliko wale. Ila hawa walikubali kuifungua, kuibeba vipande na kungoja.

Nikarudi kwenye gari letu. Tanga si Greenland. Chumvi ya bahari haihifadhi kitu. Kila masika sakafu ya gari inapungua. Kuliacha chini ya mwembe ni kuliua taratibu huku nikijiita mtoto mwema. Fundi wa mtaani kwetu kanitajia bei, nikacheka kwa uchungu. Mshahara wa mwandishi mnaujua.

Basi leo asubuhi nikampigia mama, nikamwambia auze.

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Haya," akasema. "Mimi nilidhani utakataa."

Sasa wadau, tangu asubuhi sijaandika hata aya moja ya kazi. Jumamosi ni keshokutwa. Basi la kwanza la Tanga linaondoka alfajiri, na fundi kasema kulifungua tu vipande na kuliweka stoo haitanigharimu sana.

Nyie mngefanyaje?