Darasa la Jioni Kando ya Korona

Mwaka 1974, miezi michache baada ya kumaliza mafunzo ya ualimu, nilipangiwa kufundisha kisomo katika shamba moja la mkonge wilayani Korogwe. Nchi nzima wakati ule ilikuwa inasoma. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kusikiliza redio kwa vikundi na kuchimba vyoo, na mwaka huohuo Waziri Mkuu akaagiza kwamba mahali pa kazi napo pawe na elimu ya wafanyakazi. Vijijini watu walisomea chini ya miembe. Sisi tulipewa banda la zamani la magunia, jirani kabisa na korona.

Aliyekulia Tanga hahitaji kuelezwa korona. Kwa wengine, ndiyo mashine inayoponda majani ya mkonge huku ikiyamwagia maji, mpaka nyama ya jani itoke na zibaki singa. Harufu ya makapi yake yaliyochacha huingia hadi kwenye nguo za ndani ya sanduku. Wanaume walikata majani na kulisha mashine. Wanawake walipokea katani mbichi ikichuruzika maji, wakaibeba begani na kuianika kwenye nyaya, wakaigeuza, wakaianua. Maji ya mkonge yanawasha. Mikono yao ilijaa mabaka yasiyopona. Waliofanya kazi kwenye mashine za kupiga katani kavu brashi walitoka jioni nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi, wakikohoa njia nzima. Wengine walikuwa palizini, jembe mkononi, miiba ya mkonge ikiwachoma miguu.

Karibu wote walikuwa wametoka mbali. Walikuwepo Waha wa Kigoma, Wabena, Wangoni, Warundi, na Wamakonde waliovuka Ruvuma. Kuanzia mwaka 1944 SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri watu, iliwaleta wanaume kwa treni na malori kuja kuwa manamba, yaani wafanyakazi wa mkataba. Mkataba ulikuwa wa mwanamume. Mke alifuata, au alikuja baadaye na watoto, na alipoingia shambani aliingia kama kibarua wa kutwa. Mama mmoja aliniambia ameanika katani tangu mtoto wake wa kwanza akiwa mgongoni. Mtoto huyo sasa alikuwa kijana wa kukata mkonge, lakini hakukuwa na karatasi hata moja katika shamba lile yenye jina la mama yake.

Vitabu vya kisomo viliandikwa kwa kufuata kazi za watu: vya pamba, vya ndizi, vya uvuvi, vya ufugaji, vya mapishi. Cha mkonge sikukiona. Tulipewa cha pamba, na jioni ya kwanza nikaanza nacho. Mama mmoja wa Kiha, mtu mzima kuliko wote darasani, alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho wa ukurasa, kisha akanyanyua mkono.

“Mwalimu, samahani. Mimi pamba sijawahi kulima. Naomba unisomee hiki.”

Akafungua pindo la khanga yake akatoa kadi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa kadi ya kazi; wao waliiita kipande, kama enzi za mkoloni. Ilikuwa na viboksi thelathini. Jioni nyapara alitia alama kwenye kiboksi cha siku ile. Kiboksi kikibaki kitupu, siku hiyo haikulipwa, hata kama mtu alishinda juani. Nikamsomea. Juu palikuwa na namba, kisha jina la mumewe, na mbele ya jina hilo maneno mawili: “mke wa”. Aliposikia hivyo alicheka kidogo. “Basi huyo anayelipwa ni nani?” akauliza, na darasa zima likanyamaza likinitazama.

Tangu jioni ile kadi ikawa kitabu chetu. Nilianza na majina. Kila mmoja alijifunza kuandika jina lake mwenyewe, alilopewa na wazazi wake, kabla ya herufi nyingine yoyote. Kisha tukaingia kwenye namba, moja hadi thelathini, kwa kuwa thelathini ndiyo iliyoamua watoto watakula nini mwisho wa mwezi. Tulijumlisha kwa shilingi na senti halisi za malipo yao. Tulitoa kwa makato ya duka la shamba, ambako walichukua unga na mafuta ya taa kwa mkopo. Nimefundisha shule nyingi baada ya pale, na sijaona tena wanafunzi waliolikabili somo la kutoa kwa ari namna ile.

Walilolalamikia zaidi ni kwamba siku zao zinaliwa. Kila mmoja alijua amefanya kazi siku nyingi kuliko alizolipwa, ila hakuwa na namna ya kuthibitisha. Yule mama wa Kiha ndiye aliyetoa njia. Tuchukue singa, alisema, tusokote uzi, na kila jioni mtu afunge fundo moja kabla ya kulala. Atakayekuwa ameweza kuandika, aandike pia kwenye daftari. Mimi nikaongeza kwamba kila mmoja awe na jirani wa waya uleule atakayekuwa shahidi wake, naye awe shahidi wa jirani.

Siku ya malipo, zaidi ya wanawake ishirini walifika dirishani kwa pamoja. Nilisimama nyuma yao. Karani alikuwa kijana. Yule mama alimpa kadi kwa mkono wa kulia, na uzi kwa wa kushoto.

“Mwanangu, hesabu mafundo haya. Kisha hesabu kadi.”

Karani alitaka kucheka, akawaona wengine nyuma na nyuzi zao mikononi, akahesabu. Mafundo yalikuwa ishirini na saba. Alama kwenye kadi zilikuwa ishirini na tatu. Akaitwa nyapara. Alidai kwamba siku zile nne mama huyu aliacha kazi kabla ya kumaliza. Jirani yake wa waya akasogea mbele na kutaja siku moja moja: ipi ilikuwa ya mvua, ipi mashine iliharibika na wakaamriwa wangoje, ipi walianua hadi magharibi.

Mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi aliitwa naye. Kamati hizo ziliwekwa na sheria ya mwaka 1964, na zilikuwa na nguvu ya kuzungumza na mwajiri. Lakini alisema kamati ni ya walioajiriwa, na hawa ni vibarua. Nakumbuka jibu alilopewa na mama wa Kimakonde aliyekuwa hasemi sana darasani: “Ndugu Mwenyekiti, katani hii ikifika bandarini Tanga, huwa wanatenga ya vibarua na ya walioajiriwa?” Mwongozo wa chama tawala, TANU, wa mwaka 1971 ulikuwa umewakataza viongozi majivuno na uonevu, na kifungu hicho kilijulikana hata kwa wasiojua kusoma. Mwenyekiti akaingia ofisini. Alipotoka, siku zilizoliwa mwezi ule zililipwa. Kuanzia mwezi uliofuata nyapara alitia alama mbele ya mwenye kadi, na kadi mpya zikaja na majina ya wanawake wenyewe.

Ila wawili kati ya waliosema kwa sauti pale dirishani waliambiwa juma lililofuata kwamba kazi imekwisha. Hawakupewa sababu, kwa kuwa kwa kibarua mwajiri halazimiki kutoa sababu. Walifunga mizigo, wakashika reli kwenda kutafuta kazi shamba la mbele. Kila ninaposikia watu wakisifu ujasiri wa wanyonge, nawakumbuka hao wawili. Wenzao wote walifaidika, na gharama ililipwa na wao peke yao, kwa kuwa hapakuwa na chama kilichowahesabu kuwa wanachama.

Mwaka 1975 sheria ilirekebishwa, na likizo ya uzazi yenye malipo ikawafikia pia wanawake wasioolewa. Niliisoma habari hiyo darasani kutoka gazetini kwa furaha kubwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mimba ya miezi minane akauliza, “Na mimi?” Nilikwenda wilayani kuuliza. Likizo ni ya aliyeajiriwa, nikajibiwa. Ajira ya kibarua huanza asubuhi na kuisha jioni. Alianika katani hadi uchungu ulipomshika. Wiki chache baadaye nilimkuta chini ya nyaya, kichanga mgongoni, matone ya maji ya mkonge yakidondoka juu ya khanga iliyomfunika mtoto.

Agosti mwaka huohuo ukafanyika mtihani wa taifa wa kisomo. Wasiojua kusoma, waliokuwa karibu theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967, walionekana kushuka hadi asilimia 39. Tulishangilia, na tulistahili. Wanawake wangu wengi walifaulu. Lakini walikuwa wamekwisha kuniuliza swali ambalo mtihani ule haukuligusa: ukishaisoma sheria ukakuta haikutaji, unafanyaje?

Mkonge haukudumu. Nyuzi za plastiki zilikuwa zimeshaanza kuangusha bei duniani. Nchi iliyouza zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1960, ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imebaki na tani 30,000 na kitu. Korona moja baada ya nyingine ilizimwa. Mabinti wa wanafunzi wangu walipanda mabasi kwenda Tanga mjini na Dar es Salaam kuwa wasichana wa kazi. Mwaka 1983, wakati wa kampeni ya Nguvu Kazi, mwanamke asiye na kitambulisho cha kazi aliweza kukamatwa barabarani na kurudishwa kijijini kama mzururaji, hata kama ametoka kupika na kufua nyumba nzima tangu alfajiri. Mama zao walikuwa vibarua wasio na majina. Wao wakawa wafanyakazi ambao kazi yao haikuitwa kazi.

Mabadiliko yalikuja kwa kupiganiwa. Chama cha wafanyakazi cha CHODAWU kilianza kuwaandikisha wafanyakazi wa nyumbani. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 iliwatambua. Juni 2011, mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 189 juu ya kazi zao, na mwaka 2013 amri ya mishahara nchini ikaweka kiwango cha chini cha shilingi 40,000 kwa mwezi kwa anayeishi kwa mwajiri. Kiwango kilikuwa kidogo, lakini kiliandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kudaiwa.

Sasa wajukuu wanakwenda Oman. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 ilieleza wanawake wa Kitanzania walionyang’anywa pasipoti, waliofanyishwa kazi usiku na mchana, na waliofungwa kwa mwajiri mmoja na utaratibu wa kafala. Niliposoma maelezo hayo niliiona tena kadi yenye “mke wa”. Msichana husafiri kwa mkataba uliojadiliwa na wakala na mwajiri. Yeye anaonyeshwa mahali pa kutia sahihi.

Hao wanaoondoka ndio wanaonifanya niandike haya, nikiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Wanawake wa lile banda la magunia walinionyesha elimu ya kazi inavyotakiwa kuwa. Ianze na karatasi ya mwanafunzi mwenyewe. Imfundishe kutunza hesabu yake, asitegemee ya mwajiri. Impe shahidi, na impe chama, ili atakayesema kwa sauti asifukuzwe peke yake. Kazi hiyo inaweza kufanywa na kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA, na madrasa, na jumuiya ya kanisa, na ofisi ya serikali ya mtaa. Kabla binti hajapanda ndege, akae na watu wanne wanaomjua, mkataba usomwe kwa Kiswahili neno kwa neno, nakala ibaki kwa mama yake, na namba za ubalozi na za chama zikaririwe kichwani, kwa sababu simu inaweza kunyang’anywa. Serikali nayo iyaweke mafunzo hayo kuwa sharti la safari, bila malipo, kama ilivyotuletea kisomo sisi. Tuliwahi kuifundisha nchi nzima kusoma. Hatuwezi kushindwa kuwafundisha mabinti wanaosubiri viza.